Upande Usio na Jicho

Jicho langu la kulia liliharibika tarehe 14 Machi 1979, saa nne na dakika kumi asubuhi, kilomita sita kaskazini mwa Tseikuru. Tulikuwa tukipima mpaka wa shamba la mifugo. Utepe wa chuma wa kupimia huvutwa kwa nguvu maalum, si zaidi wala si pungufu, nami nilikuwa nimewaamuru wasaidizi wangu wavute tena kwa sababu mizani ya springi ilionyesha upungufu kidogo. Utepe ulikatika. Ncha yake ilinifikia kabla ya mlio. Siku nne baadaye jicho lilitolewa. Sina wa kumlaumu. Amri ilikuwa yangu.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa mpigaji wa sahani. Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Mtambo wa springi hurusha sahani ndogo angani, mpigaji huinua bunduki ya marisau, yaani vijirisasi vidogo vingi, na kupiga, na sahani huvunjika au haivunjiki. Hakuna tokeo la tatu, na ndiyo maana niliupenda. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, baadhi yetu tuliokuwa na bunduki hatukutaka kuzirudisha. Tukaanzisha klabu ya watu kumi na mmoja katika timbo la mawe lililoachwa, juu ya Tawa. Walikuwamo walimu wawili, daktari wa mifugo, wenye maduka kadhaa, na mimi mpima ardhi. Katibu wetu alikuwa Abdulkadir Shee, muuza vifaa vya ujenzi mjini Kitui, ambaye babu yake alihamia huko kutoka Lamu na kumwachia duka pamoja na Kiswahili kilichotuaibisha sisi wengine.

Kila mwaka polisi walitaka barua ya katibu kuthibitisha kwamba mwenye bunduki bado anaiweza. Bila barua, bunduki ilichukuliwa ikawekwa kituoni. Mei 1980 nilikwenda dukani kwa Abdulkadir kuizungumzia. Alikuwa amekalia mfuko wa saruji akinywa kahawa.

"Bwana Mulei, wewe ni rafiki yangu," alisema. "Kila Idi wanao wanakula kwangu. Lakini nikiandika kwamba unaona nawe huoni, kisha ukammiminia mtu marisau ya makalio, jina lililo chini ya barua ni langu."

"Basi usiandike. Nipime."

Alifikiri. "Sahani ishirini na tano, Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Ukivunja kumi na tano, naandika. Ukivunja kumi na nne, utakuwa ukija timboni kunywa kahawa na kutazama wenzako."

"Ni haki."

"Mtu mwingine angeniomba kumi."

"Kumi ni chini ya nusu."

"Ndiyo maana huna marafiki wengi," akasema, akanimiminia kahawa.

Bunduki ile sikuirithi, wala haikuwa na historia. Lakini idara ilikuwa imenitoa nje na kunihamishia chumba cha kuchora ramani mjini Machakos. Nilichora kwa wino vilima ambavyo zamani nilivipanda kwa miguu. Jioni nilisoma magazeti. Kila kitu kilichobaki maishani mwangu kilikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka usoni, isipokuwa sahani. Hizo peke yake zilinidai nitazame mbali.

Ugumu wa kwanza ulikuwa wa mwili. Mpigaji hulaza shavu juu ya kitako cha bunduki ili jicho litazame juu ya mtutu: jicho la kulia, bega la kulia. Sasa ilinibidi kuhamia bega la kushoto, mkono wa kushoto kwenye triga na wa kulia chini ya mtutu. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa na mwili wangu ulikataa kama punda.

Ugumu wa pili ulikuwa sahani zenyewe. Za kiwandani, zinazotengenezwa kwa chokaa na lami, zilitoka ng'ambo, na kibali cha kuziingiza nchini kilikuwa hakijatoka. Abdulkadir alibakiwa na kreti moja ambayo aliitunza kwa ajili ya siku ya mtihani. Mimi nilihitaji mamia ya sahani za mazoezi.

Mama wa mke wangu, Nthenya, alikuwa mfinyanzi karibu na Migwani. Sikuweza kumwendea. Kwetu Ukambani mtu na mama mkwe wake wanatengwa na heshima tunayoiita *nthoni*: hawatazamani usoni, hawashikani mikono, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Mchungaji wetu alihubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, lakini nilikuwa nimemwona yeye mwenyewe akiruka mtaro na Biblia mkononi kumpisha mama mkwe wake. Kwa miaka kumi na mitatu ya ndoa nilikuwa nimemwona Nthenya mgongo tu, na kwa mbali. Nilichora sahani kwenye kadibodi: kipenyo milimita mia na kumi, uzito gramu mia na tano. Mke wangu, Kavata, aliyekuwa mwalimu wa sayansi Tawa, akaipeleka.

Alirudi Jumapili jioni.

"Mama ameuliza ni kifuniko cha nini."

"Si kifuniko. Ni kitu cha kurushwa juu kivunjwe."

"Nilimwambia. Alicheka hadi akakaa chini. Anasema miaka thelathini wateja wamemlalamikia kwamba vyungu vinavunjika, leo amepata wa kulalamika visipovunjika."

Kikapu cha kwanza kilikuja na basi wiki mbili baadaye, kimejazwa majani makavu. Sahani zilikuwa nzito na ngumu mno. Moja niliipiga barabara, marisau yakalia juu yake kama mvua ya kwanza kwenye mabati, ikashuka na kubingirika mawe yote ya timbo bila kupasuka. Nilituma ripoti. Katika kikapu cha pili Nthenya alikuwa ameuchanganya udongo na majivu na makapi ya mtama, amezifanya nyembamba na kuzitoa motoni mapema. Nilizibeba sahani arobaini hadi maabara ya shule ya Kavata nikazipima moja moja.

Nyepesi kabisa ilikuwa gramu mia na nne. Nzito kabisa ilikuwa mia na sita.

Nilidhani mizani imekwama. Niliweka jiwe la gramu mia. Mizani ilikuwa sawa. Nikazipima zote upya kwa mpangilio mwingine na kupata majibu yale yale. Kisha niliazima kwa siku moja kreti ya Abdulkadir ya sahani za kiwandani na kupima arobaini. Hizo zilitofautiana kwa gramu tisa. Nthenya hakuwa na mizani, wala rula. Hakujua kusoma namba niliyoandika kwenye kadibodi. Kavata alikuwa amempa jiwe jingine la gramu mia kutoka maabara na kumwambia aongeze kidogo tu. Nilikaa kwenye kigoda cha maabara, sahani za udongo mbele yangu katika mistari minne, kwa muda ambao sikuupima.

Kila sahani ilikuwa na mistari mitatu mifupi na nukta moja karibu na ukingo. Ni alama yake. Kila mfinyanzi wa kwetu ana yake, na huiweka kwenye shingo ya chungu. Niliuliza kupitia Kavata kama ingewezekana kuiacha, kwa kuwa haikuwa na kazi. Jibu lilikuja na kikapu cha tatu: "Mwulize kama yeye hatii sahihi kwenye ramani zake."

Sahani zikawa nzuri. Mpigaji hakuwa mzuri. Rekodi yangu ya Juni na Julai ni hii: nne kati ya ishirini na tano, sita, tano, saba, tano, saba. Hesabu niliijua. Sahani inayokatiza mbele yako umbali wa mita thelathini husafiri mita moja na nusu wakati marisau yako njiani, kwa hiyo unapaswa kupiga mita moja na nusu mbele yake. Nilipiga mita moja na nusu mbele yake. Sahani zilipita.

"Labda jicho lililobaki ni bovu," Abdulkadir aliniambia. Alikuwa akija kila Jumamosi kuvuta kamba ya mtambo, akiwa amejificha nyuma ya ukuta mfupi wa mawe.

"Limepimwa. Ni zima."

"Basi lililotoka ndilo lililokuwa likijua kupiga."

Sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshafikiria hivyo.

Jumamosi ya pili ya Agosti Kavata alikuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, na kikapu hakikuja na kondakta. Kililetwa na mfinyanzi mwenyewe. Nilisikia kokoto zikisagika njiani, kisha sauti ya Abdulkadir: "Karibu mama, karibu. Zile kelele ni yeye. Hazina madhara kwa sahani."

Nilitambua ni nani. Nikakaza uso mbele kama askari wa gwaride. Nyayo zilizunguka nyuma yangu, zikasita, zikaja upande wa kulia. Zikasimama hatua mbili kutoka begani kwangu.

Watu hudhani kwamba upande wa jicho lililokufa kuna giza. Hakuna giza. Hakuna kitu, kama vile ambavyo wewe huoni kitu nyuma ya kisogo chako. Kwa mwaka mmoja na nusu niligonga milango na kumwaga chai kwa sababu ya upande ule. Nthenya alikuwa amemwuliza binti yake ni jicho lipi, akachagua mahali pekee duniani ambapo angeweza kusimama karibu nami bila kuvunja heshima. Nilipoelewa hivyo, niliinua bunduki.

"Vuta," nikasema. Nikakosa. Nikakosa tena mara tatu.

Sauti ikaja kutoka mahali pasipo na kitu. Haikuwa ikizungumza nami.

"Kikapu changu," ilisema, "umemwona huyu mtu? Mkono wake unafika vizuri. Ukishafika unasimama, ili atazame kama umefika."

Nikapakia risasi nyingine. Kikapu hakikujibu.

"Mimi nikilainisha ukingo wa chungu nakizunguka kinyumenyume. Sisimami. Nikisimama nitazame, pale niliposimama panabonyea. Hata mkono ukishaondoka kwenye udongo, miguu inaendelea. Kikapu, wewe unalijua hilo. Kuna watu wamesoma hawalijui."

Kanuni hiyo imo katika kila kitabu cha mchezo huu: usisimamishe bunduki unapovuta triga. Niliijua tangu 1968 na niliamini kwamba nilikuwa nikiifuata. Lakini kabla ya ajali nilikuwa na macho mawili na sikuhitaji kuhakiki. Sasa, kila nilipoifikia ile mita moja na nusu, nilituliza mtutu kwa kitambo kidogo kuthibitisha kipimo, na katika kitambo hicho sahani iliondoka. Ilikuwa tabia ile ile iliyokata utepe kule Tseikuru.

"Vuta."

Sahani ilitoka kushoto. Niliipita, nikavuta triga nikiwa naendelea, na mtutu ulikuwa bado ukienda upande usio na jicho wakati sahani ilipotoweka. Za kiwandani huvunjika vipande vyeusi vinavyoanguka mara moja. Hii iligeuka vumbi. Wingu jekundu, la mviringo, upana wa mlango, likakaa angani pale sahani ilipokuwa.

Niligeuka kulia kumwona aliyesema. Sina maelezo mengine.

Tulitazamana kama sekunde moja. Kisha Nthenya alivuta leso juu ya uso wake, akageuka, akateremka njia. Kikapu alikiacha.

Abdulkadir alitoka nyuma ya ukuta. "Umemfanya nini mama wa watu?"

"Nimemtazama."

"Umemtazama, kisha?"

"Basi."

"Subhanallah. Kwetu mkwe na mama mkwe wanakula sinia moja."

"Kwetu hapana."

Kavata alinisikiliza jioni ile akiwa amesimama. "Miaka kumi na mitatu," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa nikimwambia, mume wangu ana makosa yake, lakini heshima anaijua." Akaingia chumbani, na uji nilijipikia.

Jumatatu ulikuja ujumbe mwingine, kutoka Kitui. Abdulkadir alikuwa amefungua kreti aliyoitunza. Stoo yake ni ya mabati. Lami ilikuwa imelainika kwa joto na sahani zote zilikuwa zimeshikana. "Kama mandazi," aliandika. "Bila sahani hakuna mtihani, na bila mtihani siandiki. Polisi wanataka barua tarehe mosi Septemba." Kikapuni zilibaki sahani tisa.

Kosa la aina hii lina utaratibu wake. Anayemkosea heshima mama mkwe hupeleka mbuzi na blanketi. Akipokea, wingu huondoka, na tangu siku hiyo wanaweza hata kutazamana. Asipopokea, hakuna tena la kufanya. Nilichukua likizo ya siku mbili. Kavata alikuja nami hadi Migwani, bado akiniambia maneno ya lazima peke yake. Mbuzi nilimfunga kwenye nguzo ya ua, blanketi nikaliweka kizingitini, nikakaa nje nikiwa nimeupa mgongo ukuta wa nyumba. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa changu.

Nilisikia udongo ukipigwapigwa kwa kiganja.

"Kavata," sauti ya ndani ilisema, "mwulize mume wako aliona nini."

"Anauliza uliona nini."

"Nimemsikia. Niliona uso."

"Mwulize ukoje."

Nilijibu kama ninavyojibu maswali yote. "Kuna kovu juu ya nyusi ya kushoto, urefu karibu sentimita mbili. Udongo ulikuwa umekaukia kwenye paji, upande wa kulia. Nyusi ni za Kavata."

Kiganja kiliacha kupiga udongo. Kavata alinitazama kama mtu anayetazama nyumba ikiungua. Kisha ndani mle kilitoka kicheko, kikaendelea hadi kikageuka kikohozi.

"Huyu alinipima," Nthenya alisema. "Sekunde moja, na amenipima. Mwambie mbuzi amekonda."

"Anasema mbuzi amekonda."

"Nilimchagua kwa haraka."

"Mwambie blanketi ni zuri. Zinatakiwa sahani ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Nitafinyanga thelathini, maana zingine zitataka kuharibika. Lakini nitazileta mwenyewe. Sijawahi kuona vizuri kinachozipata huko juu. Siku ile nilikuwa natazama mikono yake. Na mwambie hivi. Mbuzi akishaliwa anaruhusiwa kunitazama. Akiwa ameshika bunduki, asinitazame mimi. Atazame sahani."

Tarehe 30 Agosti hapakuwa na upepo. Wanachama wote walikuja, na walijipanga nyuma yangu wakiwa na nyuso za watu waliokwisha kuamua kwamba nitashindwa. Abdulkadir alikabidhi kamba kwa mwalimu mmoja, akakaa na daftari gotini. Nthenya alifika na basi la saa tatu, akasalimia kila mtu, akakikabidhi kikapu, akaja akasimama upande wa kulia, hatua mbili, kama siku ile.

Katika tano za kwanza nilivunja mbili. Nilijisikia nikianza tena kuhakiki. Nthenya hakusema kitu, na kikapu cha kusemea hakikuwa naye. Lakini nilijua yupo. Sisemi hivyo kwa maana ya kanisani. Nasema kwamba kama mtu angenipa kalamu na karatasi, ningeweza kuweka nukta mahali aliposimama kwa kosa lisilozidi nusu hatua. Upande ambao kwa mwaka mmoja na nusu haukuwa na kitu ulikuwa na mtu, nami nilimjua kama ninavyojua mkono wangu ulipo gizani. Mtutu sasa ulikuwa na mahali pa kwenda. Niliacha kuusimamisha. Kila mara niliupeleka hadi kwenye ukingo wa pale aliposimama, na njiani sahani ilivunjika au haikuvunjika.

"Tisa," alisema Abdulkadir. "Tisa. Kumi. Kumi na moja."

Mtu fulani nyuma aliacha kutafuna muwa.

Ya kumi na tano ilivunjika kwenye sahani ya ishirini na mbili. Nilisikia daftari likifungwa. Kwa mujibu wa makubaliano yetu kazi ilikuwa imekwisha, na sahani tatu zilizobaki hazikuhitajika kwa lolote.

"Endelea," Abdulkadir alisema kwa sauti ya chini. "Tunatazama."

Nikasema vuta. Ikavunjika. Vuta. Nikakosa, ikaanguka ng'ambo ya timbo. Vuta. Ikavunjika, juu kabisa ya safari yake, mahali ambapo sahani husita kabla ya kuanza kushuka. Wingu la kwanza lilikuwa bado halijaondoka. Mawili sasa, mekundu, moja juu ya jingine, yamesimama wima katika hewa isiyotikisika, na jua la saa tano likipita katikati yao.

Nilifungua bunduki, nikatoa ganda, nikailaza juu ya meza kama sheria inavyotaka. Ndipo nilipogeuka kulia.

Nthenya hakuwa akinitazama. Alikuwa ameinua uso, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja kifuani. Miaka thelathini alikuwa ameuchimba udongo ule kando ya mto, akaubeba mgongoni kwa kamba ya kichwani, akaukanda, akauchoma. Alijua uzito wake kwa tofauti ya gramu moja. Hakuwa amewahi kuuona ukiwa hauna uzito wowote.

"Kumi na saba," Abdulkadir alitangaza, na watu wakaanza kusema wote kwa pamoja.

"Nyamazeni kwanza," Nthenya alisema, bila kuteremsha macho.

Wakanyamaza. Nilisimama kando yake, nikatazama pale alipotazama. Kwa mazoea nilianza kuhesabu sekunde ambazo vumbi lingekaa, nikafika kumi na moja. Vumbi lilikuwa bado lipo, nami sikuendelea kuhesabu.